Tupeane uzoefu: mlio usio wa kawaida kwenye gari la familia, chanzo chake kilikuwa nini?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Nawaandikia hasa wenzangu wenye gari moja tu nyumbani, lile la kupeleka watoto shule na kwenda sokoni, ambalo likianza kulia tunanunua vipuri kabla ya kuujua ugonjwa.

Noah yangu ilikuwa ikigonga mbele kushoto kila nilipopita polepole kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, lakini kwenye lami ilinyamaza kabisa. Fundi wa kwanza aliamua kwamba shokapu zimekufa. Nikanunua mbili, na kesho yake gari likagonga vilevile. Fundi wa pili, mzee mmoja wa Gerezani, aliniuliza kabla ya kushika spana kama kelele huzidi matairi yote mawili ya mbele yanapopanda tuta kwa pamoja, au linapoingia shimoni moja tu. Nilimjibu kwamba ni moja tu. Akalala chini ya gari, akaitikisa kwa mkono linki ya stabilaiza, yaani kile kijiti kinachounganisha chuma cha stabilaiza na upande wa gurudumu, nayo ikacheza. Alinieleza kwamba chuma cha stabilaiza hujipinda pale upande mmoja wa gari unapopanda na mwingine kushuka, ndiyo maana tuta lililonyooka halikuwa likitoa mlio mkubwa. Linki zote mbili zilibadilishwa kwa muda usiozidi saa moja, kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na zile shokapu.

Naomba kila mchangiaji aeleze mlio ulivyokuwa, ulitokea wakati gani, na ulikwishaje.

Mama wa wawili, Morogoro

Kwangu ulikuwa mlio mkali wa chuma kukwaruza chuma, ulioanza ghafla nilipotoka shambani kwa njia ya changarawe. Nilisimama nikiwa na hofu kubwa, kwa kuwa watoto walikuwa nyuma. Kumbe kokoto ilikuwa imenasa kati ya diski ya breki na bati linaloikinga. Dereva wa lori aliyesimama kunisaidia alinishauri nirudi nyuma taratibu mita chache, na kokoto ikadondoka.

Mchangiaji, Dodoma

Gari langu lilivuma kama ndege ya mbali kuanzia mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na mvumo ukapanda kadiri nilivyoongeza mwendo. Niliyashuku matairi, kwa sababu tairi lililolika vibaya huvuma hivyohivyo, nikayahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mlio haukuhama. Ndipo nilipogundua kwamba kwenye kona pana za kulia unazidi, na kwenye za kushoto unapungua. Gari likikata kulia uzito hulalia upande wa kushoto, kwa hiyo niliishuku beringi ya gurudumu la kushoto. Fundi alilinyanyua gari kwa jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono huku mkono wa pili ukiwa juu ya springi, akanikaribisha nami niguse: mtetemo ulisikika waziwazi kwenye vidole.

Jambo lililoniumiza ni kwamba beringi ya kwanza iliingizwa kwa kugongwa nyundo, na haikumaliza miezi miwili kabla ya kuvuma upya. Ya pili nilisisitiza ibanwe kwa mashine ya presi, na hadi leo imetulia.

Mchangiaji, Mombasa

Langu lilikuwa likilia "ka-ka-ka" nikikata usukani hadi mwisho, kwa mfano nikigeuza gari uani, na likienda moja kwa moja halisemi neno. Ilikuwa sivi jointi ya nje, yaani kiungo cha ekseli kilicho karibu na gurudumu, kinachoizungusha hata tairi likiwa limekatwa. Mpira unaoifunika ulikuwa umepasuka, grisi ikarukia upande wa ndani wa rimu, na mchanga ukaingia mahali pa grisi. Ningeyaona yale madoa mapema, ningebadilisha mpira na grisi peke yake.

Mchangiaji, Mwanza

IST yangu ilikuwa ikikereza sekunde chache kila asubuhi nilipoiwasha. Injini ile hutumia cheni ya taimingi, ile inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, na cheni hukazwa kwa msukumo wa oili. Nilipochomoa kijiti cha kupimia, oili haikufika hata alama ya chini. Nilibahatika, kwa kuwa baada ya kumwaga oili ya zamani na kujaza mpya kwa kipimo, mlio uliisha. Mwenye mlio kama huo apime oili kwanza, asiendeshe gari hadi gereji.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana. Ndugu mmoja ameniuliza faraghani ni mlio upi unaoweza kusubiri mwisho wa mwezi. Bati la kukinga joto la ekzosi, likilegea na kuchacharika gari likiwa limesimama, linaweza kusubiri siku chache mradi halining'inii. Mlio wa gurudumu usiusubirishe. Mwaka jana, siku moja baada ya kuziba pancha, nilisikia gurudumu la nyuma likigonga taratibu kwa mpigo uliofuata mwendo wa gari. Nikaegesha pembeni palepale, na nati tatu kati ya tano nikazizungusha kwa vidole.