Majirani Mikindani: Mola anatutakia mema kweli?

*Mama Zuhura:* Asalaam alaykum majirani. Leo matangani limesemwa tena lile neno: "Mungu kamchukua mtoto kwa kuwa alijua angekuja kuharibika." Wenye elimu tusaidieni. Huyu Muumba anatutakia mema kweli, au katuumba kwa haja zake?

*Ustadhi Bakari:* Waalaykum salaam dada. Nianze na hilo la haja. Watu husoma Adh-Dhariyat aya ya 56, kwamba majini na watu wameumbwa wamwabudu, kisha wanafunga msahafu. Aya ya 57 iko hapo hapo chini: hataki kwao riziki, wala hataki wamlishe. Mwenye mtumwa hula jasho la mtumwa. Huyu hali chetu chochote, na sala zetu hazimwongezei kitu.

*Mama Zuhura:* Sawa, hatutumii. Lakini asiyekutumia anaweza pia asikujali.

*Bwana Shamba:* Shikamooni wakubwa. Mie naomba tuutazame mkorosho, maana msimu wa kupuliza ndio huu. Ubwiriunga ni kuvu. Unapenda usiku wa baridi na umande, na unashika sehemu changa tu: majani machanga na shada la maua. Jani lililokomaa haulishiki. Sasa salfa ya unga, gramu 250 kwa mti, unaanza mashada yanapochomoza, unarudia kila siku 14, mara 4 hadi 5. Na unapuliza alfajiri upepo umetulia na umande ungalipo, ili unga ugande kwenye ua. Umeona? Umande ule ule unaolea kuvu ndio unaoshika dawa. Ungeondolewa umande, salfa yako ingepeperuka yote.

*Bwana Shamba:* Na anayesubiri hadi shada ligeuke jeusi amekwisha kosa. Salfa hukinga, haifufui ua lililoungua. Hapo asimlaumu Mola.

*Mama Zuhura:* Mwanangu, umesema vizuri, lakini mkorosho hauna mama anayelia ndani.

*Ustadhi Bakari:* Dada kasema kweli. Bwana Shamba katueleza kwa nini dunia inakwenda kwa kanuni. Hajatueleza kwa nini huyu na si yule.

*Ustadhi Bakari:* Na neno la matangani lilikwisha jaribiwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, likavunjika. Al-Jubbai wa Basra, mmoja wa wakuu wa Muutazila, kundi la wanazuoni wa Kiislamu walioegemea hoja za akili, alifundisha kwamba Mungu lazima amfanyie kila mja lililo bora kwake. Inasimuliwa kuwa mwanafunzi wake Al-Ash'ari akamuuliza habari za ndugu watatu: mmoja kafa mchamungu, mmoja kafa kafiri, mmoja kafa mtoto. Mtoto akisema, "Mola, mbona hukuniacha nikue nami nipate daraja ya kaka?" atajibiwaje? Al-Jubbai akajibu: ataambiwa, nilijua ukikua utaasi, kufa ndiyo heri yako. Al-Ash'ari akauliza: basi yule kafiri akipiga kelele kutoka motoni, "Mbona mimi hukuniua mdogo?" Mwalimu akanyamaza.

*Mama Zuhura:* Eeh. Hapo nimeelewa. Sababu ile ile inayomtuliza mmoja inamhukumu mwingine.

*Ustadhi Bakari:* Ndipo kosa lilipo. Kuamini kwamba Yeye ni Rahmani ni jambo moja. Kudai unaijua sababu ya kifo hiki ni jambo jingine, na hilo hatukupewa. Al-Baqara 155 inataja majaribu ya hofu, njaa, upungufu wa mali, wa nafsi na wa matunda, kisha inasema wabashirie wanaosubiri. Haisemi wapigie hesabu.

*Katekista Lukas:* Tumsifu Yesu Kristo, na poleni sana jirani zetu. Upande wetu ni Ayubu. Rafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila neno, sura ya 2 mstari wa 13. Hadi hapo walikuwa sawa. Waliharibu walipoanza kueleza: umekosa, watoto wako wamekosa. Sura ya 42 mstari wa 7 Mungu anawakasirikia wao, anasema Ayubu, aliyelalamika sura nzima nzima, ndiye aliyenena yaliyo sawa.

*Mama Zuhura:* Aliyelalamika ndiye aliyesema sawa?

*Katekista Lukas:* Ndivyo ilivyoandikwa, mama. Mimi naushika sana mstari huo. Asiyetutakia mema asingemtetea mlalamikaji.

*Ustadhi Bakari:* Nasi tuna hadithi ya rehema 100. Moja tu imeshushwa duniani, na kwa hiyo moja farasi huinua kwato asimkanyage mwanawe. 99 zimewekwa kwa siku ya Kiyama.

*Mama Zuhura:* Kiyama ni mbali ustadhi, kwa aliyezika leo.

*Ustadhi Bakari:* Ni mbali, dada. Sina la kukupunguzia hapo.

*Mama Zuhura:* Basi kesho nikae karibu na yule mama, nimzuie atakayeanza tena na "alijua angeharibika".

*Bwana Shamba:* Maji ya kesho yamebaki madumu 2 tu. Napeleka mengine 6 kabla ya alfajiri, nikitoka kupuliza nitakuwa nimechelewa.

*Katekista Lukas:* Unga na kuni niachie mimi.