Rimu nyembamba na vifuniko kwa gari la kasi kwenye chumvi: kipi bora?

Kasi_Viwandani (mwanzisha mada)

Wadau, tulinganishe. Gari ni lakester, yaani mwili mwembamba na magurudumu yote manne nje. Injini iko nyuma, uzito ni kilo 900 pamoja na dereva. Linajengwa hapa Industrial Area, Nairobi, na lengo ni kilomita 320 kwa saa kule kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, Marekani. Matairi yana kimo cha inchi 28, rimu ni za 15.

Kwa rimu kuna njia tatu: (a) rimu za spea nyembamba za magari ya Japani, 15x4 (kipenyo inchi 15, upana inchi 4), ambazo kwa wauza vipuri wa Grogan ziko tele, (b) rimu za chuma za 15x6 zikatwe na kuchomelewa ziwe 15x4, (c) rimu za alumini zilizotengenezwa kwa mbio. Kwa vifuniko: alumini bapa ya milimita 1, alumini yenye mbinuko, au faiba. Mngechagua nini, na sababu ni ipi?

upepo_wa_ngong

Kabla ya kuchagua rimu, angalia unachopata kwa kuipunguza. Tairi la upana wa inchi 10 likishuka hadi inchi 5, kila gurudumu linapunguza eneo linalokabili upepo kwa takriban mita ya mraba 0.09. Kwa magurudumu manne ni 0.36. Ukichukua kigezo cha ukinzani cha 0.5 kwa gurudumu lililo wazi, na hewa nyepesi ya Bonneville (mita 1,280 juu ya bahari, joto la Agosti, takriban kilo 1 kwa mita ya ujazo), kwa kilomita 320 unaokoa nguvu-farasi kama 85. Ni makadirio, lakini hata ukiyagawa kwa mbili bado hakuna kabureta itakayokupa hizo.

Sasa usipunguze yote manne kwa kipimo kimoja. Mbele nenda mwembamba kabisa, kwa sababu pale unahitaji usukani na kubeba uzito tu. Nyuma ndiko nguvu inakoingia, na chumvi haishiki kama lami. Matairi ya nyuma yakianza kuteleza, upana uliookoa unaulipa kwa mizunguko ya bure, na gari linaweza kugeuka. Wengi huongeza uzito juu ya ekseli ya nyuma badala ya kupanua tairi. Kwenye lakester hilo ndilo jibu sahihi, maana uzito wa madini ya risasi ulio ndani ya mwili haukutani na upepo.

Kanuni pia zinakuelekeza huko. SCTA, chama cha California kinachoandaa Speed Week, mbio za kasi za Bonneville, hawaruhusu lakester kufunika magurudumu kwa bodi. Streamliner, gari la daraja jingine ambalo bodi hufunika magurudumu, ndiyo inaruhusiwa. Kwa hiyo upana wa tairi na kifuniko cha rimu ndivyo pekee ulivyobaki navyo hapo.

MamaGereji

Tairi ndilo linaanza, rimu inafuata. Soma kwenye karatasi ya mtengenezaji tairi linataka rimu ya upana gani, linabeba kilo ngapi na limeidhinishwa kwa kasi gani. Matairi ya mbele ya drag (mbio fupi za mstari mnyoofu) yanafanana sana kwa sura na ya chumvi, ila yale hukimbia mita 400 halafu yanapoa. Huku ni maili tatu hadi tano mfululizo, na joto linajengeka ndani ya kamba za tairi. Tairi la kasi la kweli lina mpira mwembamba sana juu, na sababu ni hesabu: kwa kasi yako, gramu 100 za mpira pale juu zinavuta kama kilo 220. Mpira mnene utabanduka.

(a) Spea nyembamba: tairi lake limeandikwa kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo hilo hata tusilijadili. Rimu yenyewe imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo, bati lake ni jembamba na hakuna aliyeipima kwa mizunguko 2,400 kwa dakika. Itumie kusukuma gari karakanani na kupima nafasi ya usukani. Basi.

(b) Kukata na kuchomelea kunafaa, ila kuna fundi na fundi. Mambo ya kusimamia:

Ukitoa inchi 2 zote upande wa ndani, mstari wa katikati unasogea nje milimita 25. Rimu ya offset 40 (milimita kati ya mstari wa katikati na uso unaofungwa kwenye habu) inabaki na kama 15. Kwa magurudumu ya mbele hiyo inabadilisha pale tairi linapogusa ardhi ukilinganisha na mhimili wa usukani, na usukani utavuta kila mara gurudumu moja likipita chumvi laini. Pima kwanza, ndipo uamue unakata ndani, nje, au pande zote. Usiguse ule mfereji wa kati, kwani bila kina chake tairi halitaingia. Usikate pia karibu na nundu zinazoshikilia ukingo wa tairi.

Kabla ya kuchomelea, funga vipande kwenye habu ya mashine ya kukereza. Piga nukta nane za kuchomelea kwa kupishana, pima kuyumba kwa saa ya kupimia (dial gauge), ndipo umalizie mshono kwa vipande vifupi. Ukizunguka na mshono mfululizo, joto litaipinda. Nakubali milimita 0.5 ya kuyumba, pembeni na juu. Ikizidi, irudi. Kisha jaza upepo na upake maji ya sabuni kwenye mshono wote.

(c) Kama pesa ipo, chukua hii kwa mbele angalau. Inakuja imenyooka na ina ukingo mnene wa kufungia kifuniko.

kipimo_mm

Nikimalizia kwa mama hapo: ukingo wa kufungia ndio unaoamua kifuniko, na vifuniko karibu vyote hufa kwenye matundu ya skrubu.

Alumini bapa ya milimita 1, kipenyo milimita 380, ina gramu kama 300. Ni rahisi kukata. Tatizo ni kwamba hewa inayopita nje kwa kasi ina presha ndogo kuliko ile iliyofungiwa ndani, kwa hiyo kifuniko kinavutwa nje. Kwa kilomita 320 mvuto huo unaweza kufika kilo 20 na zaidi. Bati bapa linabinuka, linarudi, linatetemeka, na ufa unaanzia kwenye tundu. Lenye mbinuko lina ugumu wa umbo lake, unene uleule. Ndiyo maana zile sahani za kufunika rimu za kampuni ya Moon ya California zimebaki na umbo hilo kwa miongo mingi. Hapa Nairobi si kazi ngeni: wanaosokota sufuria wanasukuma alumini juu ya ukungu unaozunguka. Wapelekee ukungu wa mbao ngumu na uagize alumini laini, maana ile ngumu itapasuka ikisokotwa.

Faiba ya milimita 2 inakaribia gramu 390. Inafuata umbo lolote, lakini unene hautoki sawa, na kifuniko kizito upande mmoja ni mtetemo mara 40 kwa sekunde. Ningeiacha.

Kufunga: skrubu tatu za kujichimbia njia kwenye mdomo wa rimu ndiyo desturi ya zamani. Mimi ningeweka bolti sita za M6, kila digrii 60, na washa pana chini ya kichwa. Kitovu cha tundu kikae angalau milimita 12 kutoka ukingo wa bati. Usitoboe kamwe pale tairi linapokaa. Bolti na washa yake, gramu 7, kwa kasi yako inavuta kama kilo 7 na nusu, kwa hiyo weka gundi ya kushika nyuzi za bolti. Valvu iwe ya chuma, na kofia yake pia. Ile ya mpira inalala kwa mzunguko na upepo unatoka.

Balansi gurudumu bila kifuniko kwanza, kisha likiwa nacho. Piga alama ya rangi inayovuka kutoka kifuniko hadi rimu, ili kirudi palepale kila mara.

Kasi_Viwandani

Asanteni sana. Upande wa ndani wa rimu nao nifunike? Na majaribio ya mwendo mdogo tukiyafanyia Magadi, kuna la kuangalia?

soda_ya_magadi

Ndani usifunike mbele kama una breki huko, joto litakosa njia. Nyuma inawezekana.

Magadi si Bonneville, ndugu. Kule ni chumvi ya kawaida kwa sehemu kubwa. Huku ni magadi, na magadi yenye maji hula alumini moja kwa moja. Utaona uso ukigeuka kijivu chenye ungaunga, hasa chini ya washa ambako unyevu hukwama. Ng'oa vifuniko siku hiyohiyo, osha kwa maji safi mengi, kisha kausha. Bolti za chuma cha pua zikikaa na alumini bila kitu kati yake huongeza kutu, kwa hiyo weka washa ya nailoni.

Jambo jingine ni ganda. Tairi la mpira linakanyaga karibu kwa presha uliyolijaza. Kilo 225 kwa gurudumu, upepo wa psi 50, mguso ni kama sentimita za mraba 64 tu. Sehemu nyingi za Magadi zina maji chini ya ganda, na tairi jembamba litakata. Tembea njia yote kwa mguu ukiwa na nondo ya kuchomachoma kabla ya gari kuingia.

kipimo_mm

Na chumvi ikiingia nyuma ya kifuniko hukauka upande mmoja. Ukihisi mtetemo ambao mbio iliyotangulia haukuwepo, fungua kifuniko kwanza kabla ya kugusa usukani au kuongeza uzito wa balansi. Nati za gurudumu zikaze ukiwa hapohapo.