Kwa nini jenomu ya Orbivirus imekatwa vipande 10?

Msomaji_wa_Virusi:
Ndugu wanajukwaa, ninasoma kuhusu jenasi ya Orbivirus, yenye virusi vya ulimi wa buluu wa kondoo na vya ugonjwa wa farasi wa Afrika. ELISA, kipimo cha kutafuta kingamwili kwenye damu, humtambua kondoo aliyeambukizwa ulimi wa buluu bila kujali serotipu (aina ndogo ya kirusi, kwa jinsi kingamwili zinavyokitambua), ilhali chanjo ya serotipu moja mara nyingi haimkingi dhidi ya nyingine. Iweje? Tena, jenomu (maelezo yote ya urithi ya kirusi) kukatwa vipande 10 kunakifaidi nini kirusi?

Tabibu_wa_Mifugo:
Swali lako la kwanza linajibiwa na matabaka ya ganda. Tabaka la nje lina protini za VP2 na VP5, na VP2, ambayo kwa ulimi wa buluu hutokana na kipande cha 2, ndiyo inayoamua serotipu na kubadilika kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayoandamwa na kingamwili zenye uwezo wa kuzuia maambukizi. Chini yake kuna VP7, nakala 780 zilizoshikamana tatu tatu na kujipanga kama pete. Pete hizo ndizo zilizoipa jenasi jina lake, maana "orbis" kwa Kilatini ni duara. VP7 haibadiliki sana kati ya serotipu, na ELISA nyingi hutafuta kingamwili zake. Kwa ufupi, kipimo kinaangalia fulana, chanjo inapambana na koti.

Mwana_Maabara:
Naongezea la ndani, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi. Jenomu hii ni RNA ya nyuzi mbili, kitu ambacho seli hukitilia shaka mara moja na kutoa interferoni, yaani protini za kuamsha kinga. Kirusi kikiingia huvua VP2 na VP5 tu. Kiini chenye VP7 na VP3 hubaki kizima, na jenomu haitoki humo. VP1 huinakili, VP4 huzivisha nakala kofia (kifuniko cha kemikali kwenye ncha), kisha nakala hizo za uzi mmoja hupenya nje kupitia matundu ya kwenye pembe za ganda. Pembe ni 12, vipande ni 10, hivyo kila kipande kinaweza kuwa na kituo chake na vyote vikanakiliwa kwa wakati mmoja.

Msomaji_wa_Virusi:
Nashukuru. Je, seli moja ikiingiliwa na virusi viwili tofauti vya ulimi wa buluu?

Tabibu_wa_Mifugo:
Hapo ndipo vipande vinapoleta faida. Watoto wanaweza kurithi kipande hiki kwa mzazi mmoja na kile kwa mwingine, ndani ya kondoo au ndani ya kisubi anayeeneza ugonjwa. Kwa hesabu tupu, mipangilio ni 1,024 ukiwajumuisha wazazi wenyewe. Kirusi kikipokea kipande cha 2 kutoka kwa mwenzake, hubadili serotipu kwa mkupuo mmoja.

Mwana_Maabara:
Hesabu hiyo isichukuliwe kama ilivyo, Daktari. VP2 ngeni ni lazima ikae sawasawa juu ya VP5 na VP7 inazozikuta, na isipokaa, mchanganyiko huo hauendi mbali.