Aniceti Kitereza: riwaya yake ni ya 1945 au ya 1980?

Mdadisi wa Vitabu:
Habari zenu wadau. Naandaa wasifu mfupi wa Aniceti Kitereza, mwandishi wa Ukerewe (kisiwa cha Ziwa Victoria), kwa wanafunzi wa kidato cha sita, na nimekwama kwenye tarehe. Wengine wanasema *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* ni ya 1945, wengine 1980. Ni riwaya ya Kikerewe au ya Kiswahili? Na inaitwaje ya kihistoria wakati wahusika wakuu ni mtu na mkewe tu?

Nansio:
Mkuu, tarehe zote mbili ni sahihi, ila kila moja ina kazi yake. Muswada wa Kikerewe aliumaliza Februari 1945. Aliyemhimiza kuandika ni Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada. Kitabu kikakwama kwa sababu ya lugha: wasomaji wa Kikerewe ni wachache, na kitabu chenyewe ni kinene. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, walifika kisiwani kwa utafiti wakaanza kumtafutia mchapishaji. Kitereza, naye ameshapita miaka 70, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikakitoa 1980. Akafariki 1981, nakala zikiwa bado hazijamfikia. Hilo linauma hadi leo.

Kwa hiyo andika: "iliandikwa kwa Kikerewe, ikakamilika 1945, tafsiri ya mwandishi mwenyewe, 1980." Ukiandika 1980 peke yake, mwanafunzi ataiweka kapu moja na riwaya za Ujamaa, ataanza kuwinda dhamira za Azimio la Arusha na hatazipata. Muswada ulitangulia Azimio kwa miaka 22.

Mwalimu wa Fasihi:
Kuhusu "kihistoria": msitafute watawala na vita. Historia ya Kitereza ni maisha ya Wakerewe kabla ya Wazungu kufika. Angalieni kisa chenyewe. Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndoa haina mtoto. Myombekere anakwenda ukweni kuomba mkewe arudishwe, anatozwa mitungi sita ya pombe ya ndizi.

Hapo ndipo wasomaji wengi wanaruka kurasa, na hapo ndipo riwaya ilipo! Pombe ya ndizi haipatikani kwa siku moja. Ndizi zinavumbikwa mpaka ziive, zinamenywa, zinakamuliwa kwa majani ndani ya mtumbwi, togwa linachujwa, linatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha linaachwa lichachuke. Ndizi zisipoiva sawasawa hazitoi maji. Mume aliyebaki peke yake hawezi kutimiza faini hiyo bila ndugu na majirani, na wakwe wanalijua hilo. Wape wanafunzi sehemu hiyo, waulize nani anafanya kazi gani na kwa nini. Wataona uchumi, ujirani na sheria ya ndoa kwa pamoja.

Mdadisi wa Vitabu:
Ahsanteni sana. Vipi maisha yake, na tafsiri nyingine?

Nansio:
Alizaliwa 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe, akasoma misheni ya Kagunguli, kisha seminari ya Rubya, Bukoba. Upadre hakufikia, alioa 1919, mkewe akiitwa Anna Katura. Hawakubakiwa na mtoto hata mmoja. Ukilitaja hilo, litaje kwa staha na usiigeuze riwaya kuwa tawasifu. Majina ya watoto ambao Myombekere na Bugonoka wanawapata baadaye katika riwaya yanajitosheleza: Ntulanalwo ni mtu anayeishi na kifo, Bulihwali ni kuuliza msiba utakwisha lini. Ni majina ya wazazi waliokwisha kuzika.

Tafsiri ya Kijerumani ni ya Wilhelm Möhlig, imetokana na Kiswahili, majuzuu mawili, 1991 na 1993. Ya Kiingereza ni ya Gabriel Ruhumbika, Mkuki na Nyota, 2002, naye alifuata Kikerewe. Ndiyo maana Kiingereza na Kiswahili vikitofautiana, usikimbilie kusema mtafsiri kakosea: Kitereza alikuwa na uhuru wa kubadilisha maneno yake mwenyewe. Ukinukuu, taja toleo na ukurasa wake.