Okanagan, mizabibu na baridi ya Januari 2024

Mgeni wa Kelowna:
Habari zenu, ndugu. Nimehamia Kelowna, mji wa bonde la Okanagan, kutoka Vancouver, na ninashangaa kwamba jimbo lile lile la British Columbia nchini Kanada, linalojulikana kwa mvua za pwani, lina huku bara mashamba ya mizabibu yanayotegemea umwagiliaji. Hali hii inatokana na nini? Tena, kwa nini wakulima hapa wanaitaja Januari ya mwaka 2024 kwa majonzi?

Mpenda Milima:
Karibu, ndugu. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Pasifiki hupanda milima ya pwani, zikapoa na kumwaga mvua upande wa Vancouver, kisha zikalifikia bonde la Okanagan zikiwa kavu. Kusini kabisa, Osoyoos, jua la kiangazi huivisha zabibu nyekundu kama Merlot na Syrah. Huko kwako Kelowna, ambako joto hupungua, Riesling na Pinot Noir hustawi zaidi. Ziwa Okanagan, lenye urefu wa kilomita 135 hivi, huhifadhi joto la kiangazi na kulitoa polepole majira ya baridi yanapoingia. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaouzungumzia mvinyo wa jimbo hili kana kwamba ni wa aina moja, kwa kuwa hata bonde la Cowichan, kwenye kisiwa cha Vancouver, lina hewa ya bahari na zabibu zake zina ukali mwingine kabisa.

Mpogoaji:
Naongeza kuhusu Januari, kwa kuwa nilikuwa shambani. Siku zilizotangulia zilikuwa na joto lisilo la kawaida, hivyo mizabibu haikuwa imejizoesha baridi, na katikati ya mwezi kipimo kikashuka ghafla hadi zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Nilikata machipukizi kwa wembe, moja baada ya jingine, na ndani yake nikakuta rangi ya kahawia mahali palipopaswa kuwa na kijani. Mavuno ya mwaka huo yalipotea karibu yote, na serikali ya jimbo ikaviruhusu viwanda, kwa muda, kutengeneza mvinyo kwa zabibu kutoka nje ya jimbo.

Tukumbuke pia kwamba baada ya mkataba wa biashara huria na Marekani wa mwaka 1988, wakulima wengi waling'oa mizabibu chotara iliyostahimili baridi, wakapanda ya Ulaya. Mvinyo ukawa bora zaidi, lakini mimea ikawa dhaifu mbele ya baridi kali.

Mgeni wa Kelowna:
Nashukuru sana. Je, wanaopanda upya sasa wanarudia aina zile zile?

Mpogoaji:
Wengi bado wanachagua za Ulaya, ila ninaowafanyia kazi wamehamia miteremko ambayo hewa baridi haitulii, na kabla ya majira ya baridi tunafunika sehemu ya chini ya mashina kwa udongo.