PPP, pima-fundisha-pima au SIOP: Kidato cha Kwanza mnatumia njia ipi ya kuandaa somo?

mwalimu_wa_zamu: Habari za jioni walimu. Nafundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza, watoto 78, kipindi dakika 40. Tangu chuoni naandaa somo kwa PPP: nawasilisha, wanafanya mazoezi, halafu wanaitumia lugha wenyewe. Hiyo hatua ya tatu kengele huniwahi kila siku. Jumatatu tulikuwa na wakati uliopita, "went" wameiandika wote, safi kabisa. Namuuliza mmoja jana ulifanya nini, ananijibu "Yesterday I was go to market." Nimechoka. Wenzangu mnafanyaje?

ticha_kigoma: Pole. Mimi nilihamia pima-fundisha-pima. Wanaanza wao: wawili wawili, waelezane Jumamosi yao, dakika 7. Napita na kijidaftari nadaka makosa. Nafundisha lile tu lililowashinda wengi, kisha wanaelezana upya na mtu mwingine. Shida yake, andalio huwezi kulimaliza usiku wa kuamkia kipindi, na mdhibiti ubora akija anataka kukuta kila hatua imejazwa.

BabaKulwa: PPP isionewe jamani. Mtoto kasoma la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, unamwambia aanze yeye kuongea, ataongea nini? Tatizo ni mwalimu kuwasilisha dakika 25. Mimi ni 8, saa iko mezani.

dada_kentucky: Mimi ni msaidizi wa mwalimu huku Marekani, shule yetu ina watoto wengi waliotoka Kongo, nao tunaongea Kiswahili. Tunatumia SIOP (Sheltered Instruction Observation Protocol), yaani mfumo wa kuandaa na kufundisha somo pamoja na lugha yake. Ina vipengele 8 vyenye viashiria 30, ila msitishike. Kwangu uzito wote uko kwenye malengo mawili yanayoandikwa ubaoni, la maudhui na la lugha. Juzi kwenye sayansi la maudhui lilikuwa mzunguko wa maji. La lugha, mtoto aueleze kwa "first", "then", "after that". Vianzio vya sentensi viko ukutani. Mtoto aliyekuwa kimya mwezi mzima alinyanyuka, akasoma kianzio, akamalizia mwenyewe.

ticha_kigoma: Kumbe siyo ya mwalimu wa Kiingereza peke yake.

dada_kentucky: Hasa. Ilibuniwa kwa anayefundisha hesabu, sayansi au historia kwa watoto ambao Kiingereza chenyewe bado wanajifunza. Kidato cha Kwanza chenu ndicho hicho hicho.

BabaKulwa: Mwambie mwalimu wa Bayolojia aandike lengo la lugha uone. Atauliza kahamishiwa lini idara yenu 😂

mwalimu_wa_zamu: Nimemwonyesha wetu hapa ofisini. Kacheka kwanza, halafu kauliza la mada ya seli litakuwaje. Tumeandika moja: mwanafunzi alinganishe seli ya mmea na ya mnyama kwa "both" na "only". Anajaribu kesho kipindi cha tatu. Mimi "went" narudi nayo kwa pima kwanza. Dada, hivyo vianzio mnaandika kwenye manila au ubaoni? Ubao wetu unafutwa kila kipindi.