Nimepewa ukuu wa teknolojia, naomba ushauri: kazi hii hasa ni nini?

Wakuu, habari zenu. Nimeandika programu kwa miaka 9, na mwezi uliopita bosi kaniita akaniambia kuanzia leo wewe ndiye mkuu wa teknolojia. Nilifurahi, sikatai. Sasa nimebaki nashangaa.

Jana kutwa nzima sikuandika hata mstari mmoja wa programu. Nimekaa vikao vitatu, nimebishana na mhasibu kuhusu bili ya seva iliyopanda maradufu (kumbe kuna seva za majaribio zilisahaulika, zinawaka usiku kucha), kisha nikasaili vijana wawili wanaoomba kazi. Saa mbili usiku nikafungua kompyuta nirekebishe hitilafu moja ndogo, kijana wa timu yangu akanitumia ujumbe: "Bosi, hiyo mbona nilishaianza?" Niliona aibu.

Werner Vogels alishika cheo hiki Amazon mwaka 2005, na tunamwona zaidi jukwaani akizungumza na wateja. Lakini Amazon ni Amazon. Sisi tuko wahandisi 11.

Mliopitia hapa nisaidieni. Kwenye timu ndogo hivi niache kabisa kuandika programu, au nibaki na kipande? Na wakurugenzi wakitaka jambo jipya kila wiki huku mfumo wa zamani unachungulia kaburi, mnawaelezaje wakubali miezi miwili ya ukarabati tu? Nikiwatajia "deni la kiufundi" (yaani marekebisho ya mfumo tuliyoyaahirisha ili twende haraka) wananitazama kama ninayedaiwa ni mimi.